Kimya Kilichonijibia

Watu huniuliza mpaka leo: Afra, wewe mwenye mdomo ule, ilikuwaje ukaposwa, ukajibiwa, ukakaribia kuolewa bila kusema neno? Huwaambia mdomo nilikuwa nao, ila niliuacha kazini. Katika duka la dawa la Pritesh, kule Southall, nasema kutwa nzima. Hii kabla ya kula, hii baada, hii usimpe mtoto, na wewe mzee punguza chumvi. Nikifika nyumbani nikavua viatu, na mdomo nauvua.

Jumatano ile baba aliniita sebuleni, nikatoka jikoni na kijiko cha mchuzi mkononi. Baba yangu, Bwana Abdulwakil, alikaa kwenye kochi lake la dirishani, goti lake bovu limewekewa mto. Kando yake alikaa shangazi Ummukulthum, aliyenilea tangu mama alipofariki.

"Mwanangu," baba alisema, "Bi Malak amekuja kutoka Maskati na mwanawe Muhsin. Wamekuja kwa heri, wanakutaka. Unasemaje?"

Nilitaka kusema, wallahi. Lakini jina la kwanza lililonijia mdomoni lilikuwa Amir, na jina hilo lilikuwa haramu nyumbani kwetu tangu mwezi wa Machi. Nikalimeza. Wakati natafuta neno jingine la kuweka mahali pake, shangazi alikuwa ameshainuka, ameshafika jikoni, na kigelegele kimeshatoka.

"Kanyamaza," alisema akirudi na sinia ya kahawa. "Mwari akinyamaza kakubali. Alhamdulillahi, kaka, mambo yamekwisha."

Landani nzima, mtu akiulizwa akanyamaza, huulizwa tena. Kwetu kimya cha msichana ni jibu, na jibu ni ndiyo, na ndiyo ile hairudi. Niliyajua hayo tangu utotoni. Sikujua tu kwamba yangeweza kunikuta nikiwa na kijiko mkononi.

Na kubwa zaidi ni kwamba mimi sikuwa mwari. Nilipokuwa na miaka ishirini na moja baba aliniozesha kwa mtoto wa rafiki yake, Leicester, nikaha ya watu kumi ndani ya chumba kimoja. Bwana yule alikuwa na mke mwingine Birmingham ambaye sisi hatukuambiwa habari zake. Nilikaa miezi mitano, nikarudi kwa treni na sanduku moja na karatasi ya talaka. Waliouliza nilikuwa wapi, baba aliwaambia nilikuwa masomoni Cardiff. Cardiff yenyewe sijafika hata kwa basi. Lakini kwa miaka sita Cardiff ilikuwa ndiyo habari yangu, na baba aliuita uongo ule stara. Nilimwachia, kwa sababu nilijua aliyeumia zaidi ya mimi alikuwa yeye aliyenichagulia.

Bi Malak na Muhsin nao waliambiwa Cardiff.

Sasa Amir. Amir alikuja dukani kwetu vuli iliyopita na kidole kilichobanwa na kamba ya boti. Alijieleza kwa Kiingereza safi, nami nikamjibu kwa Kiingereza, mpaka nilipommwagia dawa kwenye jeraha.

"Ewe mwanamke, una mkono mzito weye," alisema, na Pemba nzima ikawa imesimama mbele ya kaunta yangu.

Nilicheka, na siku ile nilicheka kupita kiasi. Alikuwa mfanyakazi wa boti za matembezi kwenye mifereji ya Landani. Mfereji unapita nyuma ya Southall, ukienda nao unafika mpaka mjini, na sisi tuliufuata kwa miguu Jumapili baada ya Jumapili. Habari ya Leicester nilimwambia siku ya pili, ili akitaka kukimbia akimbie mapema. Aliniuliza jambo moja tu, kama nilikuwa nalala vizuri siku hizi.

Mwezi wa Machi alikuja kuposa, na ami yake, amevaa kanzu, na sahani ya haluwa ya Wete. Baba hakumsemesha. Alimtazama ami, aliitazama haluwa, na mwisho akamwambia shangazi awajibu kwamba binti bado anasoma. Walipoondoka akasema maneno ambayo sitayasahau: "Mama yake anaosha vikongwe kwa mshahara, na yeye mwenyewe mpiga boti." Ile haluwa iliachwa kwenye friji. Mimi sikuweza kuigusa kwa huzuni, na shangazi ana kisukari. Siku ya tatu sahani ilikuwa tupu.

Jumamosi ndiyo siku iliyopangwa ya wageni kupewa jibu. Bi Malak alisema Landani ya maduka amekwisha ichoka, wamepanga fleti karibu na Edgware Road na kelele za magari hazimwishi masikioni. Anataka kuiona Landani ya maji, huo mfereji wa kale aliouona kwenye simu. Shangazi akanipa kazi ya kukodi boti.

Boti ziko nyingi Little Venice. Nilikodi ile. Sitajitetea.

Tulifika sisi na wageni saa nne asubuhi, jua la Mei limetoka na miti inagusa maji. Boti ilikuwa ndefu na nyembamba kama zote za pale, imepakwa rangi ya kijani, na ndani yake viti vya pande mbili vilivyotazamana, magoti kwa magoti. Aliyeushika usukani alikuwa Gloire, mama wa Kikongo kutoka Lubumbashi, mnene, mwenye kofia ya nahodha. Aliyesimama ukingoni na kamba mkononi alikuwa Amir.

Baba alimwona. Nilijua kwa namna alivyosimama, fimbo hewani, kabla ya kuishusha. Kisha akapita mbele yake kama anavyopita mbele ya nguzo, akaingia ndani. Shangazi alinifinya mkono mpaka ukucha ukaacha alama.

"Msalie Mtume, Afra," alininong'oneza. "Kweli weye huna haya."

"Wamepanga wao wenyewe zamu zao, shangazi."

"Nyoo."

Nikajitia nimesahau chupa ya kahawa kwenye benchi, nikarudi. Amir aliiokota akaninyooshea, tukabaki tumeishika sote wawili, kila mtu na mkono wake.

"Umekuja kuniaga?" aliuliza. Macho yake hucheka hata akiwa na huzuni, na ndiyo yaliyoniponza tangu siku ya kwanza.

"Nimekuja kukuona."

"Na yule bwana wa shati jeupe?"

"Amekuja kupewa jibu."

"Na jibu ni lipi?"

"Mimi sijasema kitu, Amir."

"Hiyo ndiyo khabari niliyoisikia. Kwamba hukusema kitu, na nyumba ikapigwa vigelegele."

 Nilitazama vidole vyake juu ya chupa, kile kimoja bado kina kovu.

"Niondoe," nilisema. "Nipeleke popote. Wewe una boti."

Alitabasamu, na tabasamu lile liliniumiza kuliko kama angekasirika. "Boti hii haiwezi kupita mwendo wa mtu wa miguu, Afra. Hata baba yako na goti lake atatukuta kwenye daraja la pili." Kisha akaacha kutabasamu. "Mie nilikuja mlangoni kwenu na ami yangu, mchana, nimevaa kanzu. Sitaingia sasa kwa dirisha. Nikikuiba leo, kesho utasema mimi ndiye niliyekuamulia. Umekwisha amuliwa mara moja. Hiyo ya pili wanakuamulia sasa hivi. Ya tatu isiwe mimi."

"Kwa hiyo utanitazama tu?"

"Nitakutazama. Na nitakungoja, lakini useme mwenyewe."

"Afra," shangazi aliita kutoka ndani, "hiyo kahawa umekwenda kuivuna shambani?"

Nikaitoa chupa mikononi mwake, nikaingia.

Nilikaa mahali nilipowekwa: shangazi kushoto, kioo kulia, Muhsin mbele yangu kabisa, goti lake na langu limetenganishwa na sahani ya vileja. Baba alikaa karibu naye, Bi Malak mwisho, karibu na mlango. Hata nikitaka kwenda mbele kupunga upepo, ilinipasa kuomba njia kwa watu wanne. Gloire alisimama nyuma, akapaza sauti, "Mwikale bote, bamama, tunaenda sasa." Boti ikatikisika, na ukingo ukaanza kuondoka taratibu.

Tukaingia kwenye handaki. Mfereji pale unapita chini ya barabara, giza tupu, hakuna hata njia ya mtu wa miguu kandoni. Taa ndogo ya boti iliangaza matofali meusi yanayotiririka maji karibu kiasi cha kuyagusa. Juu yetu Edgware Road ilikuwa inaendelea na maisha yake, watu wanakunywa kahawa na kuvuta shisha, na hakuna aliyejua kwamba chini ya nyayo zao kuna mtu anasafirishwa kwa mumewe.

"Afra, mwanangu," Bi Malak alisema gizani. Alikuwa mama mwenye sauti nzuri, na kila alichosema alikisema kama zawadi. "Hebu nambie, Cardiff kulikuwaje? Kuna baridi kama hapa?"

Nilisikia kikombe cha baba kinagonga kisahani.

"Kuna mvua nyingi," shangazi alijibu kwa haraka. "Hata nguo hazikauki."

"Wewe ulifika?"

"Nilisikia."

Bi Malak alicheka. "Mtoto wa kike kusoma mbali na asiharibike, ni bahati. Siku hizi bahati hiyo haba. Juzi tu nimetoka kumsimamia binti wa dada yangu, kaachwa masikini, sasa kapata mchumba mwingine. Hiyo shughuli yake, jamani. Sheikh kamuuliza, naye kaona haya, kainama. Sheikh akasema, binti, kuinama hakutoshi. Mwari ndiye anyamazaye. Wewe umekwisha olewa, lazima utamke kwa ulimi wako, ama nikaha haisihi. Tukakaa pale nusu saa tunambembeleza aseme neno moja."

"Na akalisema?" niliuliza. Hilo ndilo lilikuwa neno langu la kwanza tangu tupande.

"Akalisema. Tena kwa sauti."

Tukatoka kwenye handaki, mwanga ukaingia kwa nguvu. Nikamtazama baba. Baba alikuwa anatazama viatu vyake. Alikuwa msomi wa dini, alinifundisha mimi mwenyewe kusoma Kurani kwenye sebule ile ile. Hakuna asichokijua katika jambo lile. Alijua tangu Jumatano kwamba kimya changu hakikuwa na maana yoyote, na alikuwa amekipokea kama sahihi.

Hapo ndipo nilipoiona njia, na hapo ndipo nilipoogopa kweli kweli. Kusema "mimi si mwari" kungenitoa mimi kwenye mtego na kumtia baba. Angekuwa mwongo mbele ya Bi Malak, na habari za Bi Malak hufika Maskati kabla ya ndege yake. Nikinyamaza, ninakwenda zangu Maskati na uongo wa Cardiff ndani ya sanduku, kulala ubavuni mwa mtu maisha yangu yote nikichunga ulimi. Miaka sita nilikuwa nikimhurumia baba. Nikajiuliza nitamhurumia mpaka lini.

Boti ikapita kando ya bustani ya wanyama. Upande wa kushoto kuna tundu refu sana la waya, na ndani yake mbega weusi wenye mikia mirefu myeupe walikuwa wamekaa kwenye kamba wakitutazama.

"Hata mbega wa kwetu wamefungiwa huku," Muhsin alisema. Kisha akashusha sauti, akainama kidogo juu ya vile vileja. Uso wake ulikuwa wa upole, na alinyoa vizuri, na laiti ningekuwa na moyo mtupu ningempa bila kujuta. "Afra. Mimi napenda kujua, kwa upande wako. Umeridhika?"

Nilifungua mdomo.

"Mwanangu Muhsin," shangazi aliingia kati, na mkono wake ukatua juu ya paja langu, "mwari haulizwi mbele za watu. Utamtoa jasho. Kula kileja."

Muhsin akachukua kileja. Nami nikageuza uso kwenye kioo. Kupitia kioo niliuona ubavu wa boti, na juu ya ukingo wake mwembamba wa nje viatu vya Amir, vimesimama, vimeelekea upande wangu. Nilivitazama viatu vile mpaka Camden.

Camden mfereji unashuka. Maji ya upande mmoja yako juu, ya upande wa pili yako chini kupita kimo cha mtu, na boti haiwezi kuruka. Kwa hiyo wazee wa kale walijenga loki: chumba kirefu cha mawe chenye milango mizito ya mbao mbele na nyuma. Boti inaingia, mlango wa nyuma unafungwa, maji yanaachiwa yatoke, na boti inashuka pamoja nayo taratibu kama ndoo kisimani. Yakishalingana, mlango wa mbele ndio hufunguliwa. Kabla ya hapo hakuna wa kutoka wala wa kuingia.

Gloire akatuingiza. Amir akaruka ukingoni na mpini wa chuma mkononi, akafunga mlango nyuma yetu. Gogo refu la kuusukumia mlango lilitoa mlio mzito. Gloire akazima injini. Kisha Amir akaanza kuzungusha mpini wake, maji yakaanza kuvuma mahali fulani chini, na dirisha langu, lililokuwa na watalii na jua na maduka, likaanza kujaa ukuta.

Baba akajikohoza. Injini ilikuwa imenyamaza, wageni walikuwa wametulia, na kwake huo ndio uliokuwa wakati.

"Bi Malak," alianza, kwa ile sauti yake ya hutuba. "Mlikuja kwetu kwa heri, nasi tunakujibuni kwa heri."

Shangazi akajiweka sawa, ulimi tayari kwa kigelegele. Ukuta ulipanda, mweusi, unang'aa kwa utelezi, na majani mabichi yameota kwenye nyufa. Mwanga ndani ya boti ukawa wa kijani. Niliinua macho. Juu kabisa, kwenye ukingo, Amir alikuwa amesimama na mpini wake, anatazama chini kwetu. Hakuonyesha ishara yoyote. Aliniambia angenitazama, na alikuwa ananitazama.

"Binti tumemuuliza," baba aliendelea, na sasa alikuwa anazungumza haraka kidogo. "Amenyamaza. Na nyinyi mnajua, kimya cha mwari—"

"Mimi si mwari, Baba."

Nilisema kwa sauti ya dukani. Kuta zile za mawe ziliyachukua maneno zikayarudia, na juu mtalii mmoja aligeuka.

Mkono wa shangazi ulinibana paja. "Afra, nyamaza."

"Nimenyamaza tangu Jumatano, shangazi. Nimenyamaza miaka sita."

"Kasemaje?" Bi Malak aliuliza.

Nikamgeukia.  "Nimesema mimi si mwari. Niliolewa Leicester, nikakaa miezi mitano, nikaachwa. Bi Malak, mimi Cardiff sijapata kufika. Na umesema mwenyewe kule gizani, aliyekwisha olewa hutamka kwa ulimi wake. Basi natamka. Muhsin ni mtu mwema, na kosa hana. Mimi sikubali."

 Maji yalikuwa yanavuma chini yetu na boti inaendelea kuzama. Nilitamani mlango, dirisha, ngazi, chochote. Hapakuwa na pa kwenda. Ilinibidi nikae pale pale mbele ya niliowasema, goti kwa goti, na kuwatazama.

Baba ndiye aliyetangulia kusema, na sauti ya hutuba ilikuwa imemtoka. "Nilikuwa nakusitiri, mwanangu."

"Najua, Baba."

"Watu wana midomo."

"Najua. Lakini aibu ile haikuwa yangu. Wala haikuwa yako. Ilikuwa ya yule bwana. Yeye ametulia zake Birmingham, na sisi ndio tunaoibeba."

Alifunika macho kwa kiganja. Sijapata kumwona baba yangu akilia, na siku ile pia sikumwona, kwa sababu kile kiganja hakikuondoka. Nilimpenda kuliko siku yoyote, na sikufuta hata neno moja.

Bi Malak alikunja mtandio wake, akaukunjua, akaukunja tena. "Abdulwakil," alisema mwisho, na sauti yake haikuwa tena zawadi, "kuachwa si aibu. Binti wa dada yangu mwenyewe kaachwa. Ungeniambia, pengine ningemtaka vivyo hivyo. Lakini umeniuzia kitu kwa jina la kingine. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Mama, basi," Muhsin alisema. Uso wake ulikuwa mwekundu, lakini alinitazama sawasawa. "Bora nimelisikia humu kuliko mbele ya sheikh. Afra, ahsante. Nilipokuuliza pale ukageuza uso, nilidhani ni haya."

"Nisamehe," nilimwambia.

"Nitajitahidi," alisema, na nikamheshimu kwa kusema kweli.

Maji yakaacha kuvuma. Tulikuwa chini kabisa. Mbele yetu ile milango miwili mikubwa ilikuwa imefungwa, inachuruzika, na mstari mwembamba wa jua umesimama katikati. Ilikuwa imebaki Amir asukume gogo tu.

Hakusukuma. Alikuwa amesimama pale juu, mgongo umeliegemea gogo, na nilijua amesikia kila neno.

"Amir," Gloire aliita kutoka nyuma, "fungula mulango, ndugu."

Amir alivua kofia. "Mzee," alisema, kwa adabu, akimtazama baba. "Nifungue?"

Baba alibaki na kiganja usoni.

"Afra, mwambie afungue," shangazi alisema, anajipepea kwa kitambaa. "Tutakufa humu kwa joto na fedheha."

"Mimi leo nimeshasema ya kutosha, shangazi. Aliyeulizwa ni baba."

Baba aliondoa kiganja usoni. Mwezi wa Machi alikuwa amekaa kwenye kochi lake na kijana huyu yuko kwenye kigoda cha mlangoni, na hakumtazama hata mara moja. Sasa ilimbidi ainue shingo, goti bovu na yote, ashike ukingo wa dirisha, na atazame juu mpaka mwisho wa ukuta. Alimtazama muda mrefu. Amir hakuinamisha macho, wala hakuyakaza.

"Jina lako nani, kijana?" baba aliuliza, na alilijua vizuri sana.

"Amir bin Seif, mzee. Wa Wete."

"Ile haluwa uliyoileta. Nani aliipika?"

"Mama yangu, mzee."

Shangazi aliacha kujipepea. Nilimwona anaikumbuka ile sahani tupu kwenye friji, na anamtazama kaka yake kama anamwona leo.

"Ilikuwa nzuri," baba alisema.  "Fungua mlango, baba. Tumekaa humu mno."

Hakusema zaidi ya hapo, na mimi sikumwomba. Amir alivaa kofia yake, akageuka, akaweka mgongo kwenye gogo, akasukuma.